Chai ya Kiongozi na Dada wa Sinia

Hii si hadithi ya zamani. Ilianza saa nne kasoro dakika tano asubuhi na, kwa mujibu wa serikali, mpaka sasa ninapoandika bado ni saa nne kasoro dakika tano.

Nchi yetu siitaji kwa jina. Wala si kwa uoga. Jina lake limepelekwa wizarani kufanyiwa ukarabati, nasi tumeombwa tuvumilie kwa kusema "hapa".

Hapa tuna Kiongozi mmoja na tamthilia moja. Tamthilia inaitwa Chai ya Saa Nne. Mhusika mkuu ni Kiongozi, anaigiza kama yeye mwenyewe, na anaigiza vizuri. Tumefika sehemu ya elfu moja na mia mbili.

Ilivyoanza ni hivi. Kiongozi alikuja kwenye ukumbi wa wilaya yetu. Miaka yake ilikuwa imekwisha, ya nyongeza imekwisha, na ya nyongeza ya nyongeza ilikuwa ukingoni. Watu walimtazama kama unavyomtazama mgeni aliyeaga mara tatu na bado amekaa. Akaletewa chai. Akashika kikombe, akaigeukia kamera ya televisheni, akasema:

"Wananchi wenzangu, mimi si mtu wa kung'ang'ania kiti. Nikimaliza chai hii, naondoka."

Watu walishangilia mpaka njiwa wa paa la ukumbi wakahama. Naye akapiga funda moja, dogo, akatulia. Kamera haikuzimwa. Ukumbi ukajengewa ukuta, ukuta ukawekewa geti, geti likawekewa mlinzi. Hajamaliza.

Aliyempelekea ile chai alikuwa dada yangu, Chausiku.

Unajua desturi yetu: aliyetenga ndiye anayetoa vyombo. Mgeni hainuki na kikombe chake. Kwa hiyo Chausiku alisimama kandokando ya kiti, sinia mkononi, akisubiri kikombe kirudi. Alikuwa ameazimwa kutoka mgahawa wa jirani kwa saa moja tu. Saa hiyo ikawa miaka mitatu.

*

Mimi ni msusi. Shule niliiacha darasa la tano, nikaingia saluni kwa Bi Zuwena, na tangu hapo kichwa cha mtu nakijua kuliko uso wake. Kusema sana siwezi. Chausiku ndiye aliyepewa mdomo nyumbani kwetu. Yeye akienda kuchota maji, habari ya mtaa mzima ilirudi ndooni.

Asubuhi ile ya ugeni nilimkalisha katikati ya magoti yangu nikamsuka twende kilioni, mistari saba kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Alikuwa anacheka na kugeukageuka, na mstari wa juu ya sikio la kushoto ukapinda.

"Umepinda, nikufumue?" nikamuuliza.

"Acha, utanifumua jioni. Nani atanitazama mimi?"

Basi nchi nzima inautazama ule mstari, kila siku, mpaka leo.

Kwenye saluni yetu kuna televisheni juu ya kabati la mafuta. Wateja wanatazama huku wanasukwa, na maneno hayakosekani. Filamu za nje nazo tunaziona, ila zinaonyeshwa bila mwisho. Miisho yote inahifadhiwa wizarani, kwa sababu imegundulika kwamba mwisho unawapa watu mawazo. Kwa hiyo mpenzi anakimbilia uwanja wa ndege, anafika mlangoni, na hapo hapo wimbo wa taifa.

"Mimi yule kijana wa jana nasema alimpata," alisema Mama Kibibi, mteja wetu wa kila wiki, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu.

"Alimpata wapi, na viatu vile?" Bi Zuwena akamjibu. "Mwanamume wa kukimbia na viatu vya ngozi hafiki popote, shoga yangu."

"Basi tuache ya nje. Chai ya jana umeionaje? Pale alipopuliza kabla ya kunywa? Imenikuna sana."

"Kapuliza nini, mwenzangu? Chai ya miaka mitatu bado ina moto?"

"Moto wa uongozi huo."

Wakacheka, halafu wakatazama mlangoni, halafu wakacheka tena polepole. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama dada wa sinia. Ndivyo watu wote wanavyomwita. Hawajui kuwa ni wangu, na sikuwahi kusema.

Nyumbani Mama anajua. Mama hali kitu mpaka amwone. Anakaa karibu na kioo cha televisheni, anamtazama anavyoelemea mguu wa kulia, na anamwambia, "Badilisha mguu, mwanangu." Chausiku akibadilisha, Mama anavuta sahani yake. Asipobadilisha, sahani inabaki.

*

Katika nchi yetu kila mtu ana haki ya kutoa maoni kuhusu tamthilia. Haki hii ni ya lazima. Kila Alhamisi Afisa Maoni wa kata, Bwana Tindwa, anapita nyumba kwa nyumba na Fomu ya Maoni Huru. Fomu ina majibu matatu, unachagua lako kwa uhuru: Nimefurahi. Nimefurahi sana. Nimefurahi, ila sehemu ilikuwa fupi. Jioni yake maoni yanasomwa hewani, kata kwa kata, mbele ya Kiongozi mwenyewe, kabla hajapiga funda la siku.

Huduma nyingine za serikali tunazisubiri. Ukienda kuomba cheti, karani anakwambia, "Tuko kwenye chai." Wala hadanganyi. Kwa sheria, mkubwa hajamaliza chai, mdogo atarudije kazini?

Alhamisi moja Bwana Tindwa aliingia saluni akiwa amekunja uso.

"Kina mama, wizara imebaini kwamba wananchi waliofurahi wamefika asilimia mia moja na mbili. Nchi jirani wanatucheka. Wanauliza, hizo mbili zimetoka wapi? Kwa hiyo imeamuliwa kwamba kila kata itoe dosari moja. Ndogo. Yenye adabu. Isiyozidi maneno kumi."

Bi Zuwena akakumbuka kwamba ana maji jikoni. Mama Kibibi akasinzia ghafla, nusu ya kichwa chake kikiwa hakijasukwa. Bwana Tindwa akazungusha macho, yakanifikia.

"Wewe mnyamavu. Sijawahi kukusikia hata ukipiga chafya. Chai ya Saa Nne unaionaje?"

Nikatazama televisheni. Alikuwepo, amesimama, na mwanga ulimpiga kichwani. Mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Yule dada wa sinia, nywele zake zimelegea."

Bwana Tindwa akahesabu kwa vidole. "Maneno saba. Umebakiwa na matatu."

"Naiachia serikali."

"Umefanya vizuri," alisema, akaandika. "Dosari ya nywele. Haina siasa."

*

Kumbe ilikuwa na siasa kuliko zote.

Maoni yangu yalipofika makao makuu, mjumbe mmoja wa Tume ya Maoni alisimama kuyajadili. Nimesimuliwa na Bwana Tindwa, aliyekuwepo. Mjumbe alisema, "Waheshimiwa, kama nywele zimelegea, basi zimeota. Kama zimeota, basi siku zimepita. Kama siku zimepita, basi si saa nne kasoro dakika tano. Na kama si saa nne kasoro dakika tano, basi chai..." Hapo akaomba maji, akaomba na ruhusa ya kustaafu.

Tume ikaamua kwamba nywele zirudi zilivyokuwa siku ya kwanza, na muda utarudi pamoja nazo. Wakaletwa wasusi watano bingwa. Kila mmoja alimsuka dada wa sinia, na kila mmoja alipomaliza, picha ya siku ya kwanza ililetwa na kulinganishwa. Mistari sita ilikubali. Wa saba, ule wa sikio la kushoto, ulikataa. Bingwa hajui kupinda. Akijaribu kupinda kwa makusudi, unapinda kwa ustadi, na inajulikana.

Ndipo Bwana Tindwa akarudi saluni, safari hii na watu wawili wa miwani.

"Nani alimsuka yule dada siku ile?"

Hata feni ilipunguza mwendo.

"Mimi," nikasema.

"Wewe ndiwe uliyetoa dosari, na wewe ndiwe uliyeisababisha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu anafaa kuwa serikalini," alisema mmoja wa wale wa miwani. Nikaambiwa niripoti ukumbini Jumamosi na mkoba wangu wa vifaa.

Walipoondoka nikaenda kukaa kwenye kiti cha mteja, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

"Bi Zuwena, nisuke twende kilioni. Mistari saba. Huu wa sikio la kushoto uupinde."

"Niupinde! Mtu akiuona atasema Zuwena kazeeka." Kisha akanitazama kwenye kioo, muda mrefu. Akatazama televisheni. Akanitazama tena, kichwa, mabega, shingo. "Ewe mtoto," akasema taratibu. "Kumbe yule ni wenu?"

Alichukua kitana akaanza kugawanya nywele, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko siku zote. Alipofika kwenye mstari wa saba akasema, "Cheka kidogo basi, ugeuke. Bila hivyo haupindi."

Nikajaribu kucheka. Ulipinda kwa kilio, lakini ulipinda sawasawa.

*

Mlinzi wa geti alikuwa na daftari kubwa.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

Nilishazoea. Nikainamisha kichwa chini ya mtandio, akaandika.

"Sheria ya hapa ni moja. Anayeingia na mkoba atoke na mkoba. Anayebaki na sinia abaki na sinia. Hesabu yangu haijawahi kukosea."

Walinipeleka nyuma ya pazia, mahali dada yangu anapolalia. Kuna mkeka, kopo la maji, na msumari wa kutundikia sinia. Walituacha wawili, kwa sababu Kiongozi alikuwa anapigwa picha za ukutani na kila mtu alitakiwa kupiga makofi.

Chausiku aliponiona hakupiga kelele. Alikaa chini, akaniegemea katikati ya magoti, kama asubuhi ile, nikaanza kumsuka. Shingo yake ilikuwa imekonda, naweza kuizungushia vidole.

"Mama anakula?"

"Anakula ukibadilisha mguu."

"Najua ananiambia. Simsikii, ila najua." Akanyamaza kidogo. Kunyamaza kwake kuliniogopesha, maana si tabia yake. "Sikudhani, nikwambie neno. Kile kikombe hakina kitu."

"Hakina nini?"

"Hakina chai. Alikimaliza wiki ya kwanza, Jumanne, kwa bahati mbaya. Kulikuwa na joto, akasahau, akanywa chote. Alipoona amekosea, akatazama mikono yangu ikitetemeka kwenye sinia, akajua kwamba nimeona. Tangu hapo anakunywa hewa, na nchi inajaza fomu. Tunaojua ni wawili. Wewe wa tatu. Sasa niambie, mtu anayejua hilo anatolewa lini?"

Nilimaliza mstari wa saba. Ulipinda wenyewe. Kisha nikavua mtandio, akakiona kichwa changu.

"Vua sare," nikamwambia.

"Una wazimu wewe!"

"Polepole. Hizi nguo zangu, huu mkoba. Vaa mtandio, inamisha kichwa. Mlinzi akiuliza, sema 'mm'. Saluni wakikuuliza, 'mm'. Bi Zuwena anajua, atakuongoza. Ukisema neno moja kama Chausiku, tumekwisha wote."

"Mimi ninyamaze? Mimi?"

"Mwenzio nimenyamaza miaka ishirini na sijafa."

Akacheka, akajiziba mdomo. Halafu macho yakajaa. "Na wewe utatokaje?"

"Nywele zinalegea," nikasema. "Ukishapumzika ukatosha, Alhamisi mwambie Bwana Tindwa kama nilivyomwambia mimi. Watamwita msusi."

Alinishika uso kwa mikono miwili, kama anayepima kama utamtosha. Kisha akabeba mkoba. Nikasikia hatua zake, nikamsikia mlinzi.

"Umemaliza?"

"Mm."

"Ameingia mmoja, ametoka mmoja. Hesabu imekaa."

*

Siku ya kwanza nilisimama na sinia mbele ya nchi nzima, mimi ambaye nikipita mbele ya watu watatu naangusha kitu. Hakuna aliyegundua. Mwongozaji wa tamthilia alitazama nywele, akatazama picha ya siku ya kwanza, akabusu picha. "Muda umerudi!" alitangaza. Saa ya ukutani, ambayo haina mishale, ikapigiwa makofi.

Kiongozi hakunitazama usoni. Alitazama mikono.

"Leo hutetemeki," alisema kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa nyuma ya kikombe. "Umezoea."

"Mm," nikamjibu.

Nikachungulia kikombe. Ni kweli, ndani kuna duara la kahawia lililokauka, na chungu mmoja aliyekufa akitafuta sukari.

Alhamisi ya kwanza msomaji alisoma maoni ya kata yetu, kutoka saluni ya Bi Zuwena: "Nimefurahi." Moyo ukapoa. Amefika. Ya pili: "Nimefurahi sana." Nikasema vyema, amekula, amelala, Mama anamwona kwa macho na si kwa kioo. Ya nne ilisema, "Nimefurahi, ila sehemu ilikuwa fupi." Hiyo iliniuma kidogo. Ningependa Chausiku awe ameichagua kwa mzaha.

Ya sita, nimefurahi. Ya nane, nimefurahi sana. Miguu ikaanza kuvimba. Nililala nikikisugua kichwa kwenye mkeka ili nywele zilegee upesi. Nikawaza kwamba nilimwambia "ukishapumzika ukatosha", na sikumwambia kutosha ni kiasi gani. Mtu aliyesimama miaka mitatu, kutosha kwake ni lini? Nikawaza pia kwamba, kwa daftari la mlinzi, mimi ndiye niliyetoka. Anayeishi nyumbani kwetu sasa anaitwa Sikudhani, msusi, mnyamavu, na hakuna anayemdai neno. Hata mimi nilimwonea wivu.

Ya kumi, nimefurahi. Ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Niliacha kusikiliza. Nilisikiliza, ila nilijifanya kwamba nimeacha.

Leo ilikuwa ya kumi na nne. Msomaji alivaa miwani, akasoma kata ya kwanza, wamefurahi, ya pili, wamefurahi. Akafika yetu, akasita, akaisogeza karatasi kwenye taa.

"Saluni ya Bi Zuwena. Dosari. 'Yule dada wa sinia, nywele zake zimelegea. Abadilishe mguu kwanza.'" Akahesabu kwa vidole. "Maneno kumi kamili. Adabu ipo."

Yale matatu niliyoiachia serikali, kumbe Mama aliyachukua.

Nikabadilisha mguu. Nilibadilisha taratibu, ili kamera isije ikanikosa. Mahali fulani sahani imevutwa. Kando yangu Kiongozi akainua kikombe, akakipuliza, akavuta funda la hewa, akalimeza, akafumba macho kwa utamu. Ukumbi ukapiga makofi. Mwongozaji akapiga kelele kwamba muda umeanza kupita tena, aitwe yule msusi haraka.

Naandika haya nyuma ya pazia, kwenye mgongo wa Fomu ya Maoni Huru. Dada yangu alikaa nje Alhamisi kumi na nne. Simlaumu. Muda mfupi ujao nitabeba mkoba, nitakula na Mama, nitalala chali na kuinyoosha miguu yote miwili. Halafu itakuja Alhamisi, na Bwana Tindwa atanifikia, ataniuliza chai naionaje. Nimejaribu kuhesabu nitamjibu "nimefurahi" mara ngapi. Kila nikihesabu, namba inakuwa kubwa, nami naanza upya.

Kule getini mlinzi anamuuliza mtu jina.

"Mm," anajibiwa.